Mashauri ni Amana: Jinsi ya Kuendesha Mikutano kwa Haki na Utaratibu



Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona kwamba mwezi huu hatusemi juu ya Sala, wala Funga, wala Zaka, bali juu ya mikutano: namna ya kuiitisha, kuiongoza, kutoa neno ndani yake na kukata shauri. Mtu aweza kuuliza: Jambo hili lina uhusiano gani na dini? Je, hii si kazi ya makatibu na wanasiasa? Jawabu letu ni kwamba uhusiano upo, tena ni mkubwa. Popote watu wanapokusanyika kuamua jambo, haki ya mtu yaweza kulindwa au kupotea; na popote palipo na haki ya mtu, dini ya Mwenyezi Mungu haikunyamaza.

Chukueni mfano wa mwenyeji wa Chiungutwa, katika nchi ya Masasi na Newala. Katika mwaka mmoja mtu huyu, awe mwanamume au mwanamke, huitwa mikutanoni mara nyingi. Uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, na hupasa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Uko mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, panaposemwa habari za korosho, magunia, salfa, makato na malipo. Iko kamati ya shule, kiko kikao cha watumiaji maji, kiko kikao cha ukoo cha kugawa urithi au kupatanisha waliogombana, na kiko kikao cha msikiti au cha kanisa.

Katika mikutano hiyo hakuna jambo dogo. Makato ya shilingi chache katika kila kilo ya korosho, yakijumlishwa kwa wanachama wote, ni mali nyingi. Mpaka wa shamba la mikorosho ni riziki ya watoto na wajukuu. Maji katika Uwanda wa Makonde, ambako tangu zamani watu walishuka mabondeni kuyatafuta, ni uhai wenyewe. Basi mtu aweza kufanya kazi shambani mwaka mzima, kisha akapoteza jasho lake kwa saa moja ya kikao kilichoendeshwa vibaya. Hakuibiwa usiku, ameibiwa mchana, mbele ya watu mia, naye amenyamaza kwa kuwa hakujua asimame lini na aseme nini. Kwa ajili ya mtu huyo tumeandika maneno haya.

Mashauri katika Kurani Tukufu

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Kurani Tukufu ina sura nzima iitwayo Mashauri, nayo ni Sura ya 42. Katika aya yake ya 39 (hesabu tuifuatayo ni ile inayoifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza) zimetajwa sifa za watu waaminifu: kwamba humwitika Mola wao, husimamisha Sala, mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na hutoa katika yale waliyoruzukiwa. Tazameni mahali lilipowekwa jambo hili la kushauriana. Limewekwa kati ya Sala na kutoa mali katika njia ya Mungu. Hakuna Mwislamu athubutuye kusema kwamba Sala ni jambo la hiari, au kwamba kutoa ni jambo la wanasiasa. Basi kwa dalili gani atalidharau lile lililowekwa katikati yake?

Katika Sura ya 4, aya ya 59, Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zipelekwe kwa wanaostahili, na wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Kwa sababu hiyo twasema kwamba kura ya mtu ni amana. Anayempa kura jamaa yake asiyefaa, au anayeiuza kwa kilo ya sukari, hakutoa kitu chake mwenyewe. Ametoa amana aliyokabidhiwa na Mola wake, naye ataulizwa.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa Kusini. Wamakonde wa uwandani hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Mambo yao yalikatwa barazani, chini ya mkubwa aliyeitwa mkulungwa, pamoja na wazee wa jamaa. Wahenga nao walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Basi Uislamu haukuja kuivunja baraza, bali kuitakasa, ili isiwe ya wazee peke yao wala ya wenye sauti kubwa peke yao.

Sasa tueleze misingi ya kuendesha mkutano, mmoja baada ya mwingine.

1. Taarifa na akidi

Mkutano wa haki huanza kabla ya siku yake. Kila anayehusika hana budi apate taarifa mapema: ni siku gani, saa ngapi, mahali gani, na kwa jambo gani. Mkutano ulioitishwa kwa kunong'onezana, ili wapinzani wasijue, umeharibika kabla haujafunguliwa, hata ukifunguliwa kwa Fatiha. Kurani Tukufu katika Sura ya 58, aya ya 10, imekataza minong'ono ya dhambi na uadui.

Tena iko hesabu ya wahudhuriaji ambayo wakipungua chini yake mkutano hauwezi kuamua neno. Hesabu hiyo huitwa akidi. Bunge la Tanzania, kwa mfano, akidi yake ni nusu ya Wabunge wote. Maana ya akidi ni kuwalinda wale wasiokuwapo: watu watano wasijifungie chumbani wakauza ardhi ya watu mia tano. Kwa hiyo Katibu ahesabu watu na kuandika idadi yao kabla ya jambo lolote. Ikiwa akidi haikutimia, waliopo waweza kuzungumza, lakini wasiamue. Waahirishe na kutangaza siku nyingine.

2. Mwenyekiti

Mwenyekiti ni mtumishi wa kikao wala si bwana wake. Kazi yake ni kufungua, kutoa ruhusa ya kusema, kuzuia fujo, kuwahoji wajumbe na kutangaza matokeo. Asitumie kiti kushindania maoni yake. Akiwa na neno zito la kusema, na amkabidhi mwingine kiti kwa muda, kisha aseme kama mjumbe wa kawaida.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alipokuja kwake watu waliotaka kupewa madaraka, aliwajibu kwamba kazi hiyo hapewi mwenye kuiomba na kuitamani. Na alipomtuma Sayyidna Ali r.a. kuwa kadhi, alimfundisha kwamba watakapoketi mbele yake wagomvi wawili, asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Kama Mwenyekiti hakujifunza neno lolote lingine ila hili, lingemtosha.

3. Orodha ya shughuli

Mambo ya kuzungumzwa huandikwa na kusomwa mwanzoni, nayo ndiyo ajenda. Utaratibu uliozoeleka kwetu ni huu: kufungua kwa dua, kuthibitisha akidi, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita na kuzithibitisha, yatokanayo na kumbukumbu hizo, hoja za kikao, moja baada ya moja, mengineyo, kisha kufunga.

Jihadharini sana na hayo yaitwayo mengineyo. Humo ndimo wajanja hupitishia mambo mazito, watu wakiwa wamechoka na jua limekaribia kuchwa. Jambo la mali, la ardhi, au la kumwondoa kiongozi lisizushwe ghafula chini ya mengineyo. Liandikwe katika ajenda ya kikao kijacho, ili watu wapate kulifikiri.

4. Hoja

Hapa ndipo mikutano yetu mingi hupotea njia. Watu huanza kuzungumza kabla ya kujua wanazungumza juu ya nini. Mmoja asema habari za maji, wa pili habari za barabara, wa tatu akumbusha ugomvi wa miaka kumi iliyopita. Jua lachwa na hakuna lililokatwa. Dawa yake ni hoja. Hoja ni pendekezo lililo wazi, ambalo mtu aweza kulijibu ndiyo au hapana.

Tuseme kijijini pampu ya kisima imeharibika. Mjumbe asilalamike tu kwamba tunateseka. Asimame, apewe ruhusa, aseme: Mwenyekiti, natoa hoja kwamba pampu ya kisima itengenezwe kwa fedha za mfuko wa maji kabla ya msimu wa korosho. Kisha mwingine aseme: Naunga mkono. Kuunga mkono si lazima kumaanishe kukubali yote. Maana yake ni kwamba jambo hili lastahili kuzungumzwa na watu zaidi ya mmoja. Hapo Mwenyekiti huisoma hoja upya, ili wote waisikie, na mjadala huanza. Toka wakati huo lisizungumzwe jambo lingine mpaka hili limalizike.

Mjumbe akiona hoja ni nzuri lakini ina upungufu, hutoa hoja ya marekebisho. Katika mfano wetu aweza kusema: Yaongezwe maneno haya, na hesabu ya matumizi isomwe mbele ya mkutano mkuu. Nayo ikiungwa mkono, watu huzungumza kwanza juu ya marekebisho na kuyapigia kura. Kisha hurejea kwenye hoja yenyewe, ikiwa imerekebishwa au vile ilivyokuwa. Kwa njia hii watu mia waweza kutunga neno moja bila kupigana makelele.

5. Mjadala

Adabu za mjadala ni hizi. Asiseme mtu ila kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Maneno yaelekezwe kwa Mwenyekiti, si kwa mpinzani. Aliyekwisha sema asirudie mpaka wale ambao hawajasema wapewe nafasi. Lizungumzwe jambo, wala asizungumzwe mtu: kusema kwamba hesabu hizi hazilingani ni haki ya mjumbe, lakini kusema kwamba fulani ni mwizi, bila ya ushahidi, ni dhambi. Kurani Tukufu katika Sura ya 49, aya ya 12 na ya 13, imekataza dhihaka, majina ya kejeli, dhana mbaya na kusengenya. Na Sura ya 31, aya ya 20, imefundisha kuteremsha sauti.

Ikiwa kanuni yavunjwa, mjumbe yeyote, hata awe mnyonge kuliko wote, aweza kusimama na kusema: Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Hapo mzungumzaji hukaa kitako, Mwenyekiti husikiliza na kuamua, kisha mjadala huendelea. Neno hili dogo ni ngao ya wanyonge. Jifunzeni kulitumia, wala msilitumie kwa kumkatiza tu mtu msiyependa maneno yake.

Wapo waulizao: Je, kijana aseme mbele ya wazee, na mwanamke aseme mbele ya wanaume? Ni kweli kwamba Mtukufu Mtume s.a.w., walipomjia watu kwa shauri la ndugu yao aliyeuawa, na mdogo wao akaanza kusema, alimwamuru amwachie mkubwa atangulie. Huo ndio ustahi, nao wapasa kudumu. Lakini kutangulia kwa mkubwa si kufungwa kinywa kwa mdogo. Sayyidna Umar r.a. alimketisha Ibn Abbas r.a., aliyekuwa bado kijana, pamoja na wazee waliopigana Badr, na akamwuliza maoni yake mbele yao.

Ama habari za wanawake, tazameni yaliyotokea Hudaibiya mwaka wa 6 wa Hijra. Masahaba walikuwa na huzuni nyingi kwa masharti ya sulhu, hata walipoamriwa kuchinja wanyama wao na kunyoa hawakuinuka. Mtukufu Mtume s.a.w. aliingia hemani kwa mkewe Umm Salama r.a., naye akashauri kwamba atoke bila ya kusema na mtu, achinje mnyama wake na kunyolewa. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Basi shauri la mwanamke mmoja liliokoa siku ile. Nchi yetu nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, imeagiza kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Katika nchi hii ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, lingekuwa jambo la ajabu sana kusema habari za ardhi akina mama wakiwa wameketi nyuma kimya.

6. Kura

Mjadala ukitosha, Mwenyekiti huisoma hoja mara ya mwisho na kuwahoji wajumbe: wanaoafiki, kisha wasioafiki. Yaweza kuwa kwa sauti, kama Bungeni wanavyosema ndiyo au siyo; yaweza kuwa kwa kunyoosha mikono; na inapokuwa ni kumchagua mtu, au pale watu wanapoogopana, yafaa iwe kura ya siri. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja tu, awe na mikorosho kumi au elfu moja. Mali haiongezi kura. Ikiwa matokeo hayakuwa wazi, mjumbe yeyote ana haki ya kudai kura zihesabiwe.

Tena yuko mtu asiyefaa kuamua: yule ambaye jambo lenyewe lamhusu kwa faida yake. Mwenye duka asiamue kama kijiji kinunue bati kwake. Hapa tuna mfano mkubwa katika historia ya Uislamu. Sayyidna Umar r.a., alipokuwa amechomwa jambia katika mwaka wa 23 wa Hijra (644), aliwataja watu sita ili wamchague Khalifa miongoni mwao. Wanahistoria wamesimulia kwamba aliwapa muda wa siku tatu, na kwamba mwanawe Abdullah r.a. ahudhurie lakini asiwe na fungu lolote katika ukhalifa. Abdurrahman bin Auf r.a. alijitoa katika kugombea, ndipo akakabidhiwa kuongoza shauri. Akawauliza watu wa Madina, mmoja mmoja na makundi, hata Sayyidna Uthman r.a. akachaguliwa. Wajumbe wanaojulikana, muda uliowekwa, mtoto wa mkubwa kuzuiwa asirithi, na anayeongoza uchaguzi kuwa si mgombea: ni zaidi ya miaka 1,300 tangu hayo yatendeke, na hata leo yangetosha kuponya chaguzi nyingi.

Hata hivyo, kura ina mpaka wake. Baadhi ya watu husema: Kurani Tukufu katika Sura ya 6, aya ya 117, yatuonya kwamba tukiwafuata wengi wa walio duniani watatupoteza, basi vipi mwatuambia tufuate wingi wa kura? Jawabu ni kwamba onyo hilo lahusu kweli ya dini, na kweli haipigiwi kura. Kura ni kwa yale mambo ambayo Mungu ameyaacha mikononi mwetu: tujenge wapi, tununue nini, nani atunze fedha. Lakini kikao cha ukoo hakina ruhusa ya kumnyima yatima urithi wake, hata wakinyoosha mikono wote. Maana fungu lake limekwisha kuamuliwa na Mwenyezi Mungu. Wingi wa mikono hauigeuzi dhuluma kuwa haki.

7. Kumbukumbu

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, yaani Sura ya 2, aya ya 283, ni aya ya kuandika: waaminio wameamriwa wanapokopeshana kwa muda waandike, na mwandishi aandike kwa uadilifu, wala wasichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Ikiwa deni la watu wawili limepewa uzito huo, je, mali ya kijiji kizima?

Katibu aandike tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, kila hoja na nani aliyeitoa, na uamuzi uliofikiwa. Si lazima aandike kila neno lililosemwa. Lakini asiandike hata moja ambalo halikusemwa. Kikao kijacho kitazisoma kumbukumbu hizo na kuzisahihisha, kisha Mwenyekiti na Katibu watie sahihi. Kumbukumbu ambazo hazisomwi mbele ya watu ni kama shahidi aliyefungwa kinywa.

Baada ya uamuzi

Ndugu wapenzi, mpaka hapa tumesema juu ya mkutano wenyewe. Lakini mtihani mkubwa huja baada ya mkutano, nao ni huu: afanye nini yule ambaye kura yake imeshindwa?

Mwaka wa 3 wa Hijra (625) majeshi ya Makka yaliukaribia mji wa Madina. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwakusanya watu na kuwataka shauri. Maoni yake mwenyewe yalikuwa kubaki mjini na kujilinda humo. Abdullah bin Ubayy naye alikuwa na maoni hayo hayo. Lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kupigana Badr, walitaka kutoka nje. Mtukufu Mtume s.a.w. akakubali shauri lao, akaingia nyumbani kuvaa deraya. Vijana wakajuta kwa kuona kwamba wamemlazimisha. Wakamwambia abaki mjini akipenda. Akawajibu kwamba haimfalii Nabii akishavaa deraya aivue kabla Mungu hajahukumu baina yake na adui. Jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Watu kama elfu moja wakatoka kuelekea Uhud. Njiani Abdullah bin Ubayy akageuka na kurudi na watu kama 300, akinung'unika kwamba shauri lake halikusikilizwa. Tazameni watu wawili hawa: wote wawili walikuwa na maoni yale yale, na wote wawili maoni yao yalishindwa. Mmoja aliwaacha wenzake katika saa ya hatari. Mwingine, ambaye ni Mtume wa Mungu na aliyestahili zaidi kufuatwa, alilichukua shauri la wengine kana kwamba ni lake, akaenda nalo mpaka uwanjani, akajeruhiwa usoni, na Waislamu kama 70 wakauawa.

Sasa fikirini. Kama kungekuwa na siku ya kusema kwamba kushauriana na watu hakufai, ingekuwa siku ile. Lakini ni baada ya Uhud ndipo ilipoteremka ile aya ya 160 ya Sura ya 3, inayomwagiza Mtume s.a.w. awasamehe, awaombee msamaha, na ashauriane nao katika mambo; kisha akikata shauri amtegemee Mwenyezi Mungu. Hakuambiwa asiwaulize tena. Aliambiwa awasamehe na awaulize.

Basi nawe msomaji, kura yako ikishindwa kwa haki, usisuse, usiunde kikundi gizani, wala usingoje kazi iharibike ili upate kusema: Niliwaambia. Shika jembe pamoja na wenzako. Ukiona baadaye kwamba uamuzi ulikuwa na kasoro, lete hoja mpya katika kikao cha halali. Na ninyi mlioshinda, msijisifu, wala msiwabeze walioshindwa. Labda kesho ninyi ndio mtakuwa wachache.

Watu wa nchi hii wanajua uzito wa neno la pamoja. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba, wakiwa wamekusanyika mnadani, walisomewa bei za wanunuzi wakazikataa. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lolote mtu atakalosema juu ya mambo yaliyofuata, hakuna awezaye kukanusha kwamba sauti ya mkulima mmoja mmoja isingefika popote. Ilisikika kwa kuwa ilitoka katika kusanyiko.

Je, utaratibu huu ni wa Wazungu?

Baadhi husema: Hoja, kuunga mkono, marekebisho, hayo yote ni mambo ya Waingereza; sisi yatuhusu nini? Kweli, maneno mengi ya namna hii yalikuja kwa njia ya Bunge la Uingereza. Hata huko Marekani mtu aliyeyaandika kwa namna rahisi, Henry Martyn Robert, alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1863, mjini New Bedford, alitakiwa aongoze mkutano kanisani. Hakujua namna ya kuuongoza, na mkutano ukavurugika. Hapo akaazimia kujifunza, na mwaka 1876, ule ule ambao wamisheni wa Kiingereza walianzisha kituo chao Masasi, akatoa kitabu chake cha kanuni za mikutano, ambacho watu wanakitumia mpaka leo. Hekima ni mali iliyompotea mwenye imani, aikutapo huiokota. Mtukufu Mtume s.a.w. alipoelezwa na Salman r.a. juu ya kuchimba handaki, ambayo ilikuwa desturi ya Waajemi, hakuikataa kwa kuwa imetoka ugenini; alichimba pamoja na watu wake.

Na wewe uliyelelewa kanisani, ambaye sasa unauchungua Uislamu, huna haja ya kuona jambo hili kuwa geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, umesoma jinsi wanafunzi wa Nabii Isa a.s. walivyokutana Yerusalemu, wakasikilizana, wakaafikiana na kuandika barua. Katika Jumuiya yetu nayo, Khalifa wa pili, Hadhrat Mirza Bashir-ud-Din Mahmud Ahmad r.a., aliliweka Baraza la Mashauri mwaka 1922, na tangu hapo Jumuiya hukutana kushauriana kila mwaka. Humo kikao hufunguliwa kwa dua, na mashauri hupelekwa kwa Khalifa. Maana hatushauriani ili mmoja amshinde mwingine, bali ili tuyapate yanayompendeza Mwenyezi Mungu.

Ewe ndugu mpya, usiogope kusema kwa kuwa umeingia jana. Waliokutangulia wanahitaji macho yako, nawe wahitaji uzoefu wao. Ukiitwa kikaoni, oga, fika mapema, wafanyie nafasi wanaokuja nyuma yako kama inavyofundisha Sura ya 58, aya ya 12, sikiliza mpaka mwisho, sema lililo kweli kwa maneno machache, na usitoke bila ya ruhusa. Siri za kikao zibaki kikaoni. Na mkutano ukifungwa, mwombe Mungu msamaha kwa yale yaliyopita ulimini, kama alivyofundisha Mtukufu Mtume s.a.w. kwa kila anayeinuka kutoka katika baraza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na atulinde na shari ya ndimi zetu na tamaa za nafsi zetu. Amin.